Kwanini makwotabeki wa vyuo Marekani siku hizi wanakimbia na mpira wenyewe? Mpwa wangu anacheza, nisaidieni

ChaliiWaSakina

Wakuu habari za jumapili. Naomba msaada kwa wale mnaofuatilia mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti, najua tupo wachache na wengi wenu mkiona neno mpira mnategemea Simba na Yanga ila huu una mtu wangu ndani yake.

Dada yangu anaishi Georgia, mwanae wa kiume ana miaka 16 anacheza kwotabeki sekondari, yani ndo yule anayepokea mpira kila timu yao inapoanza shambulizi. Mechi zao ni ijumaa usiku kwa saa za kule, kwetu inakuwa jumamosi saa nane saa tisa za usiku, kwahiyo nikiamka nakuta klipu zimejaa WhatsApp naziangalia zote kabla sijatoka. Ndo mwaka huu nikaanza kuufuata na ule wa vyuo wa jumamosi kwenye kisimbuzi, hakuna kibanda umiza hapa Chuga kitakachokuwekea hiyo, naangalia nyumbani saa nne na nusu usiku watoto washalala.

Sasa kinachonishangaza, mimi nilijua kwotabeki ni mtu wa kurusha, anasimama nyuma ya mabaunsa wake, anatafuta mtu, anarusha. Lakini vyuoni naona timu nyingi kwotabeki anachukua mpira anaondoka nao, tena sio kwamba kabanwa kakosa wa kumrushia, hapana, ni mpango wa kocha kabisa. Alafu nikiangalia NFL, ile ligi ya wakubwa ya kulipwa, jumapili wanafanya ila kidogo kidogo. Na mpwa wangu kocha kamwambia msimu ujao ataongezewa za kukimbia kwa sababu ana mbio na ndo kitu vyuo vinatafuta. Dada ana hofu, kaniambia wewe ndo mjomba ongea na mtoto, sasa nitaongea nini na mimi sijui hata hii kitu ilianzaje.

Kwahiyo naomba kujua ilianza lini, kwanini vyuoni kuliko kwa wakubwa, na dogo akubali au akatae? Amewahi kusema akilazimishwa sana kukimbia bora ahamie kwenye kupokea mipira, sijui kama alisema kwa hasira.

---

MgumuWaNjiro

Chalii hongera kwa mpwa aisee. Nianze na kwanini maana hapo ndo pana utamu wote.

Hesabu watu. Kila upande uwanjani wapo 11. Kwotabeki wa kizamani akishamkabidhi mpira mkimbiaji wake kazi yake imeisha, anabaki anaangalia. Na mkimbiaji mwenye mpira hawezi kumzuia mtu. Kwahiyo waliobaki kukufungulia njia ni 9, na upande wa pili wanaokuja kukuangusha ni 11. Kila ukikimbia umeanza na upungufu wa watu wawili, hiyo ni hesabu ya darasa la pili na makocha wamehangaika nayo miaka mingi sana.

Sasa kwotabeki akiwa na miguu mambo yanabadilika. Kuna kitu kinaitwa zoni ridi. Kwotabeki anasimama yadi kama 5 nyuma, mkimbiaji kakaa pembeni yake. Mpira ukirudi anaunyooshea kwenye tumbo la mkimbiaji lakini macho hayapo kwa mkimbiaji, yapo kwa beki mmoja wa mwisho pembeni ambaye ameachwa makusudi, hakuna mtu anamgusa. Huyo beki akikata ndani kumfuata mkimbiaji, kwotabeki anauvuta mpira anapita pale pale beki alipotoka. Akibaki nje kumlinda kwotabeki, mpira anauachia kwa mkimbiaji. Ni ile wawili kwa mmoja ya mpira wetu, beki akikufuata unatoa pasi, akikaa kwenye pasi unaenda mwenyewe, lolote atakalochagua amekosea. Na wale 9 wengine wanazuia 9, huyu mmoja kasomwa, amebaki mmoja wa ziada tu na mara nyingi huyo yuko mbali nyuma analinda mipira mirefu. Ushapata yadi zako 6 au 7 kabla hajafika.

Kocha anayetajwa zaidi ni Rich Rodriguez, alianza nayo mwanzoni mwa miaka ya 90 akiwa Glenville State, chuo kidogo kule West Virginia. Inavyosimuliwa ni kwamba mazoezini kwotabeki wake na mkimbiaji hawakukabidhiana mpira vizuri, dogo akabaki nao akaondoka, kocha akamuuliza kwanini umeenda huko, dogo akajibu nimemwona yule wa pembeni kamfuata mwenzangu. Kocha akaona hapa kuna kitu. Baadae akaenda nayo Tulane, Clemson, mpaka chuo cha West Virginia chenyewe, na pale alikuwepo Pat White ambaye hadi anamaliza mwaka 2008 alikuwa na yadi 4,480 za kukimbia, hakuna kwotabeki wa daraja la juu la vyuo aliyekuwa ameshafika huko.

Kuhusu vyuo kuliko NFL, kuna mambo mawili ya sheria watu hawayaoni kwenye tv. La kwanza ni ile mistari midogo ya katikati ambayo mpira unawekwa kila mchezo ukianza. NFL mistari hiyo imesogeleana, kama mita 5 na nusu tu, kwahiyo mpira unaanzia karibu na katikati siku zote. Vyuoni imeachana mita 12. Uwanja upana ni karibu mita 49, kwahiyo mpira ukiwa kwenye mstari wa kushoto upande wa kulia una zaidi ya mita 30 za wazi. Mpe kwotabeki mwenye mbio mita 30 za wazi uone.

La pili, kuna michezo ambayo kwotabeki anaamua palepale kukimbia au kurusha. Wale mabaunsa wa mbele wao wanakuwa wameshaanza kusukuma mbele wakijua ni ya kukimbia. Sheria ya vyuo inawaruhusu wafike yadi 3 mbele kabla mpira haujarushwa, NFL ni yadi 1. Hizo yadi 2 za tofauti beki wa kati anaona mabaunsa wanamjia anaamini ni ya kukimbia anapanda, mpira unarushwa nyuma ya mgongo wake. Bila tishio la kwotabeki kukimbia huo mchezo unapungua nguvu kabisa.

---

MzeeWaPasua

Vijana habari zenu. Mgumu ameeleza vizuri sana hesabu lakini naomba nisahihishe picha moja, msije mkadhani kabla ya Rodriguez makwotabeki wa vyuo walikuwa wamesimama tu. Mimi nilisoma mambo ya kilimo Lincoln, Nebraska, miaka ya 90, na pale jumamosi ya mechi mji mzima unavaa nyekundu, uwanja wao unajaa kila mechi ya nyumbani tangu mwaka 1962, na kitu ambacho watu wale walikuwa wanakuja kukiona ni kwotabeki anayekimbia.

Tommie Frazier. Andikeni jina hilo YouTube. Fainali ya msimu wa 1995, iliyochezwa Januari 1996 kule Arizona, Nebraska 62 Florida 24. Frazier peke yake alikimbia yadi 199, na kuna ile moja ya yadi 75 ambapo mabeki wa Florida wanamrukia mmoja baada ya mwingine wanamparaza tu, yeye bado yuko wima, anatoka pale kwenye kundi anaenda zake mpaka mwisho. Nilikuwa naangalia na wenzangu kutoka Kenya na Sudan, hakuna aliyekaa kwenye kiti. Na hiyo ilikuwa mara ya pili mfululizo kuwa mabingwa, 1994 na 1995.

Na Nebraska nao walikuta. Chuo kikuu cha Texas mwaka 1968, kocha msaidizi Emory Bellard alipanga wakimbiaji watatu nyuma ya kwotabeki, na kwotabeki anaamua kila mchezo amwachie wa kwanza, abaki nao, au amtupie wa pembeni. Wakaanza msimu kwa sare na kipigo, alafu wakashinda mechi 30 mfululizo. Oklahoma wakauchukua mfumo wakatawala nao miaka ya 70.

Kwahiyo kukimbia ni kwa zamani. Kipya ni nini basi? Kipya ni kwamba wale wa zamani walikuwa hawarushi sana. Walirusha mara chache kwa mechi, na ndio maana walipomaliza chuo walikuwa hawana pa kwenda. Frazier alikuwa wa pili kwenye tuzo ya Heisman ya 1995, ile ya mchezaji bora wa vyuo, na hakuna timu ya NFL iliyomchagua, ingawa na afya nayo ilimwandama, aliugua damu kuganda kwenye mguu. Eric Crouch wa hapo hapo Nebraska alishinda Heisman mwaka 2001 kwa mfumo wa kukimbia, NFL wakamchagua ili akapokee mipira, hakucheza hata mechi moja ya ligi ile.

Aliyefungua mlango kwa maoni yangu ni Vince Young wa Texas. Msimu wa 2005 alirusha zaidi ya yadi 3,000 na akakimbia zaidi ya 1,000, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mtu mmoja katika msimu mmoja daraja la juu la vyuo. Alafu fainali Pasadena, Januari 2006, wapinzani wao chuo cha USC walikuwa hawajafungwa mechi 34. Zimebaki sekunde chache, Texas wako nyuma, jaribio la nne na la mwisho, wanahitaji yadi 5 wasipoteze mpira na wako yadi 8 kutoka mwisho. Anatafuta wa kumrushia hayupo, anakimbia kulia, anaingia kwenye kona peke yake. 41 kwa 38. Siku hiyo alikimbia 200 na kurusha 267. Baada ya pale kila kocha alikuwa anatafuta wa kwake. Tebow 2007, Cam Newton 2010 ambaye ni mtoto wa huko huko Georgia kwa mpwa wako, Griffin 2011, Manziel 2012, Mariota 2014, Lamar Jackson 2016, Kyler Murray 2018, Jayden Daniels 2023. Wote hao walichukua Heisman na wote walikuwa wanarusha na kukimbia.

---

ChaliiWaSakina

Mzee shikamoo, na Mgumu asante sana mkuu. Nimeangalia hiyo ya Frazier mara nyingi mpaka bando limeyoyoma, yule mtu sio wa kawaida.

Nimeelewa hesabu na nimeelewa historia. Bado nabaki na la mwisho ambalo ndo linamnyima dada usingizi. Mtoto ana kilo 75 hivi na anaenda kugongana na watu wa kilo mia na kitu. Kwenye klipu ya juzi aligongwa pembeni ya mstari akachelewa kuinuka, dada alisimamisha kurekodi.

---

DadaWaRau

Kaka pole, na mwambie dada pole pia, hofu yake ni ya haki kabisa na asiambiwe kwamba hajui mpira.

Mimi ni mfiziotherapia hapa Moshi, wagonjwa wangu wengi ni wapagazi na waongozaji wa mlimani na wale wa Kili Marathon wanaokuja kila mwaka mwezi wa tatu wanachechemea, kwahiyo magoti ndo chakula yangu. Mpira wa Kimarekani nimeujua kwa mume wangu ila sasa naangalia kuliko yeye.

Watu wanasema kwotabeki akikimbia ndo anaumia. Mimi naangalia jinsi mwili unavyopigwa. Anayesimama kurusha kapanda mguu wa mbele ardhini, uzito wote uko pale, mara nyingi amegeuka hamuoni anayekuja upande wa nyuma. Mguu uliopandwa ukigongwa goti halina pa kwenda. Anayekimbia anamwona anayekuja, anaweza kujikunja, anaweza kupunguza. Kwahiyo kusimama nako sio salama kama tunavyodhani. Shida ya kukimbia ni wingi, kila mbio moja ni kugongwa kumoja zaidi na vinajumlishana, na mtoto wa miaka 16 mifupa yake bado inakua.

Mfano unaoniuma ni Robert Griffin. Akiwa chuo cha Baylor 2009 alichana kano la goti, akarudi, 2011 akachukua Heisman, 2012 akaingia NFL akawa mgeni bora wa mwaka upande wa ushambuliaji. Desemba akagongwa goti, Januari 2013 kwenye mechi ya mtoano na Seattle akachezeshwa goti likiwa bado halijakaa sawa, likaachia pale pale uwanjani. Hakuwahi kuwa yule tena. Hapo mimi sioni kosa la kukimbia, naona kosa la watu wazima kumwacha mtu anachechemea aendelee kucheza. Hiyo nalisema kwa herufi kubwa, GOTI LINALOUMA HALICHEZI.

Kitu cha kwanza kabla ya mbinu yoyote, mtoto afundishwe kuslaidi. Miguu mbele, makalio chini, mapema. Kwa sheria za vyuo na NFL akianza kuslaidi mchezo umekufa hapo hapo na anayemgonga baada ya pale anaadhibiwa. Kingine ni kutoka nje ya mstari kabla hajafikiwa, yadi 2 zisimponze. Vijana wenye kiburi hawataki kuslaidi wanaona ni woga. Na asije akajifanya anaslaidi alafu akaendelea kukimbia, Kenny Pickett wa Pittsburgh alifanya hivyo Desemba 2021 kwenye fainali ya ukanda wao dhidi ya Wake Forest, mabeki wakasimama kwa kuogopa adhabu yeye akapita mpaka mwisho, na siku chache baadae wakatoa maelekezo kwamba ukijifanya tu mchezo umeishia hapo. Nafurahi walifanya haraka maana mabeki wangeacha kuheshimu slaidi na watoto wangeumia.

Na kuhusu huko kuchelewa kuinuka, kama alijigonga kichwa majimbo yote kule yana sheria, mtoto akishukiwa kaumia kichwa anatolewa na harudi mpaka mtaalamu wa afya aruhusu. Dada aulize hilo kwanza, leo hii, kabla ya habari za msimu ujao.

---

ArifuWaKijenge

Mimi naona tofauti kidogo na wote hapo juu. Kocha wa chuo anatakiwa ashinde msimu huu, kwotabeki akiumia kuna mwingine nyuma yake, na siku hizi tangu waruhusu uhamisho wa vyuo kirahisi anaweza kwenda kuchukua mwingine tayari kaiva. Kwahiyo kocha hapotezi kitu, anayepoteza ni mtoto. Na mabingwa wengi sio wakimbiaji jamani. Joe Burrow wa chuo cha LSU 2019 alirusha tachidauni 60, yani mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani, wakamaliza mechi 15 bila kufungwa. Mac Jones na Alabama 2020, bingwa, yule hata mbio hana. Dogo ajifunze kurusha aachane na sifa za klipu.

---

MgumuWaNjiro

Arifu hoja yako ya kocha nakubaliana nayo mia kwa mia, na ndo maana mzazi lazima aulize maswali. Ila Burrow alikuwa anawarushia Ja'Marr Chase na Justin Jefferson, na hata yeye alikimbia pale ilipobidi. Alabama ya 2020 wapokeaji wao ndo usiseme, DeVonta Smith alichukua Heisman mwenyewe. Ni vyuo vingapi vina watu hao? Vyuo vingi vina mabaunsa wa kawaida na wapokeaji wa kawaida, na hapo ndo kwotabeki mwenye miguu anaziba pengo. Angalia Navy, chuo cha jeshi la majini, hawawezi kupata wale mabaunsa wa kilo 150 kwa sababu wanafunzi wao wanatakiwa wawe maafisa wa jeshi, wakabaki na mfumo wa opsheni, ule wa kwotabeki kuchagua auachie mpira au abaki nao, miaka yote, na kwotabeki wao Keenan Reynolds alimaliza 2015 akiwa na tachidauni 88 za kukimbia, rekodi ya daraja la juu. Kwa wanyonge huu mfumo sio sifa.

Alafu kitu cha takwimu Chalii, usije ukadanganyika ukisoma namba. Vyuoni kwotabeki akiangushwa kabla hajarusha zile yadi alizorudishwa nyuma zinakatwa kwenye yadi zake za kukimbia, NFL zinakatwa kwenye za kurusha za timu. Kwahiyo Jayden Daniels 2023 ukiona kaandikiwa yadi 1,134 za kukimbia ujue alikimbia zaidi ya hapo, zishakatwa. Mechi na Florida mwaka ule alirusha 372 na kukimbia 234, mtu wa kwanza daraja la juu kupita 350 na 200 mechi moja. Huyo ni mrushaji au mkimbiaji? Huwezi kumgawa.

---

Kibosho1

Nilikuwa nasoma kimya ila kile alichosema dogo kwamba bora akapokee mipira kimenigusa, mjomba mtu usikichukulie poa.

Hao watoto weusi wenye mbio kwenye nafasi ya kwotabeki kule wana historia ndefu ya kuambiwa hamieni namba nyingine. Tony Dungy alikuwa kwotabeki chuo kikuu cha Minnesota, alipofika NFL 1977 wakamfanya beki. Warren Moon alishinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, na chuo cha Washington Januari 1978 na akawa mchezaji bora wa mechi, hakuna timu ya NFL iliyomchagua, akaenda Canada akachukua ubingwa mara tano mfululizo, ndo wakamkumbuka, leo yuko kwenye jumba la heshima na alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kuingizwa. Walikuwa na mikono. Hakuna aliyetaka kuiangalia.

Lamar Jackson juzi tu hapa. Heisman 2016 akiwa Louisville, karusha yadi 3,543 na kukimbia 1,571. Kufika 2018 kabla ya drafti, pale timu za NFL zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, kuna watu wakubwa kabisa walisema hadharani akapokee mipira. Akakataa, akakataa hata kukimbia zile yadi 40 za kupimwa ili wasipate kisingizio, akasema mimi ni kwotabeki. Akachaguliwa wa 32, wa mwisho kabisa raundi ya kwanza. 2019 kura zote 50 za mchezaji bora wa NFL zikaenda kwake, 2023 akachukua tena.

Kwahiyo mimi nikiwa mjomba ningemwambia dogo asihame namba kwa hasira. Miguu yake isiwe sababu ya mtu kumwambia hajui kurusha, na yeye mwenyewe asiwape sababu hiyo kwa kuacha kujifunza kurusha. Jalen Hurts ndo wa kumwonyesha. Alianza Alabama akiwa mtoto, anakimbia sana, fainali ya Januari 2018 kocha akamtoa mapumziko kwa sababu mipira haiendi, mwenzake akaingia wakashinda. Mbele ya nchi nzima. Hakuondoka, akakaa benchi msimu mzima anafanyia kazi mkono wake, Desemba ile ile mwenzake akaumia kwenye fainali ya ukanda dhidi ya Georgia, Hurts akaingia akaigeuza mechi. Mwaka uliofuata akaenda Oklahoma akarusha na kukimbia vyote, na Februari 2025 amekuwa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya NFL, akiwa na timu ya Eagles. Huyo anakimbia mpaka leo, ila hakuna anayethubutu kumwambia akapokee mipira.

---

ChaliiWaSakina

Kibosho asante sana kaka, hii ya Hurts nimemtumia dogo muda huu huu kwa sauti maana kusoma ataona uvivu. Dada DadaWaRau nimempigia sister, amesema aliporudi nyumbani alikuwa na kichwa kinauma kidogo ila hakumwambia kocha. Kesho anampeleka kuangaliwa.

Sasa akikaa na kocha aulize nini hasa? Yeye sio mtu wa mpira na hataki aonekane anamharibia mtoto.

---

DadaWaRau

Ameamua vizuri kumpeleka, na mpaka aambiwe sawa dogo asiguse mazoezi hata kama anasema yuko poa.

Kwa kocha aulize mambo ya kawaida tu. Mechi moja wanapanga mtoto akimbie kwa makusudi mara ngapi, na timu ikiwa inaongoza sana wanaendelea kumkimbiza au wanaacha? Mazoezini kwotabeki anavaa ile jezi ya rangi tofauti inayomaanisha asigongwe? Kuslaidi anafundishwa na nani, na wamefanyia mazoezi au wanasema tu kwa mdomo? Nani anaamua mtoto arudi uwanjani akiumia, ni kocha au kuna mtu wa afya pembeni siku ya mechi? Kwotabeki wa pili yupo na anapewa dakika? Kama hakuna wa pili ujue wako atachezeshwa hata akiwa anachechemea.

Kocha mzuri atajibu bila kukasirika. Akikasirika kwa maswali hayo hilo nalo ni jibu.

---

MzeeWaPasua

Marahaba mwanangu Chalii. Naongeza moja kwa mama mtoto. Aombe na mkono ufanyiwe kazi kipindi msimu umeisha, miezi ile hakuna mechi, hapo ndipo mrushaji anatengenezwa. Mimi niliwaona vijana wa Nebraska wa enzi zile walivyotukuzwa mji mzima, kisha wakafika mwaka wa mwisho na hakuna aliyekuwa amewafundisha kurusha kwa kiwango cha juu. Iliniuma wakati ule na bado inaniuma. Makocha wao walishinda mataji.

---

ArifuWaKijenge

Mzee hapo umemaliza hoja yangu vizuri kuliko nilivyoiandika. Akimbie, sawa, ila arushe kwanza.

---

MgumuWaNjiro

Chalii jumamosi ukikaa kuangalia usiufuate mpira. Kabla mchezo haujaanza tafuta yule beki wa mwisho pembeni, upande ule mkimbiaji aliposimama. Ukiona mchezo umeanza na hakuna anayemgusa, ujue huyo ndo anasomwa. Angalia mabega yake yameelekea ndani au yamebaki mbele, alafu ndo urudi kwa kwotabeki uone kama ameamua sawa. Fanya hivyo robo mbili tu, kisha pigia dogo mwambie akueleze kwenye klipu zake alimsoma nani kila mara. Akiweza kukujibu bila kubabaika huyo kwotabeki, na hayo ndo mazungumzo atakayoyapenda kutoka kwa mjomba.